Vuli, joto na radi: tupeni saa, si rangi za ramani tu

Kila Agosti inapoelekea ukingoni, simu zetu hujaa ramani ya Afrika Mashariki iliyopakwa kijani, njano na kahawia. Ni mwelekeo wa mvua za Oktoba hadi Desemba kutoka ICPAC, kituo cha hali ya hewa kilichoko Kenya, cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Baadaye kila nchi hutoa taarifa yake, na sisi wa Tanzania tunakijua kiitikio cha wimbo huo: "mvua za wastani hadi juu ya wastani katika maeneo mengi". Mtu akiona kijani wilayani kwake, anaagiza mbegu.

Ramani ile naiheshimu, ila tunaibebesha mzigo usio wake. Wataalamu huchukua miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020, wakaipanga kuanzia mikavu hadi yenye mvua nyingi, kisha wakaikata mafungu matatu. Kijani maana yake ni kwamba fungu la mvua nyingi lina nafasi kubwa kuliko mengine. Pakiandikwa asilimia 50, ile nusu nyingine bado ipo palepale. Na wanasiasa nao huipenda ramani inapowafaa: Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba El Nino haitakuja, ila mvua kubwa tu. Novemba mafuriko yakabeba nyumba na madaraja. Aliyesombwa na maji hakuwa na haja ya kujua jina la mvua.

Lakini hata ramani ikilenga sawasawa, haimgusi anayeuawa na radi au joto la alasiri moja. Kipindi hiki cha vuli jua linakuwa la utosi. Dar es Salaam linapita juu ya vichwa vya watu Oktoba, linashuka kusini, linarudi tena mwanzoni mwa Machi. Ardhi inachemka, hewa inapanda, na kila nyuzi moja ya joto inapoongezeka hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Ule mvuke ndio chakula cha wingu la radi. Joto na radi, basi, ni mtu na nduguye.

Ukanda wa Ziwa Victoria jambo hili lina ratiba kabisa. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo ukavuma kutoka ziwani, na kuanzia kama saa nane mawingu yanasimama milimani. Ndiyo maana wakulima wa chai wa Kericho na Nandi wanaijua mvua ya mawe kwa karibu. Usiku mambo hugeuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na uvuguvugu, pepo za pande zote zinakutana katikati ya maji, na ngurumo zinaanza baada ya saa sita usiku hadi kunakucha.

Sasa fikiria nani yuko katikati ya ziwa saa hizo. Ni mvuvi wa dagaa. Anatoka jioni mwezi ukiwa gizani, anawasha taa, anasubiri dagaa wajikusanye. Mtumbwi wake ni wa mbao na yeye ndiye kitu kirefu kuliko vyote eneo zima. Kumwambia huyu kwamba msimu utakuwa juu ya wastani ni kumpa habari ya mtu mwingine. Anachohitaji ni tangazo la saa kumi jioni, kwa lugha ya mwaloni wanakoegesha mitumbwi, lisemalo usiku huu upande wa magharibi msiende.

Shuleni nako kuna kilio. Juni 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya Runyanya, Uganda. Januari 2025 ikaua wanafunzi saba wa sekondari Bukombe, mkoani Geita. Watu wakaanza kunong'ona habari za uchawi, kama kawaida yetu, badala ya kuuliza swali la fundi: jengo lina kizuia radi, na waya wake umefika ardhini? Kuta nne na bati juu havitoshi kama umeme hauna njia ya kushukia. Gari lenye bodi ya chuma ni salama kuliko darasa la namna hiyo, na mwembe wa uwanjani ni mbaya kuliko vyote. Mwalimu anaweza kuhesabu: kutoka mmweko hadi ngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Zisipofika sekunde 30, mpira usimame, na usianze tena mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo.

Joto lenyewe ndilo tunalolidharau zaidi, kwa sababu haling'oi paa. Sudan Kusini ilifunga shule Machi 2024 kwa hofu ya nyuzi 45. Kwetu tangazo likitoka linataja joto la juu la mchana basi, wakati mwili huchoshwa hasa na usiku usiopoa, kwenye chumba cha bati kisicho na dirisha la pili. Nataka kwenye taarifa ya habari nisikie joto la saa tisa usiku pamoja na unyevu wake, jirani na lile la mchana. Vipimo hivyo vituo vya hali ya hewa vinavyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuamua kwamba visomwe.