Mtungi unasingiziwa, kesi ni ya mpira

Jiko la gesi likishika moto mahali popote Dar, habari inayozunguka kwenye magrupu ni ile ile: "mtungi umelipuka." Picha zikifika, mara nyingi mtungi umesimama pale pale, umeungua rangi tu. Kilichoteketea ni mpira. Mtungi unaweza kupasuka kweli ukizungukwa na moto kwa muda, ila huo moto ulianzia mahali, na mimi wa kwanza kumshuku ni ule mpira wa kupitisha gesi kati ya regyuleta (kile kifaa cha kupunguza shinikizo kinachofungwa mdomoni mwa mtungi) na jiko, hasa ncha zake mbili.

Tumehimizwa sana tuache mkaa, na naunga mkono. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya kilo 6 imeuzwa kwa ruzuku ya serikali hadi vijijini. Lakini mtungi ule mdogo jiko lake hufungwa juu yake, hauna mpira kabisa. Mpira unaingia nyumbani siku mambo yanapokunyookea: umenunua mtungi wa kilo 15 na jiko la pleti mbili la kuweka mezani, au oveni. Siku hiyo hakuna semina wala bango. Yupo bodaboda aliyeleta mtungi, simu inaita, anaupachika mpira, anawasha, moto wa bluu unatokea, anaondoka. Kwa kuwa jiko limewaka, kila mtu anaamini kazi imeisha.

Hapo ndipo tunapojidanganya. Hosipaipu ya bustani nayo ukiiunga leo jiko litawaka. Tatizo lake linakuja taratibu: gesi ya mtungi inaiondolea ile plastiki kilainishi chake, inakakamaa, na siku ukisogeza jiko ufagie inapasuka kwenye kona. Halafu kuna wale mafundi bomba wanaochukua fleksibo ya sinki, ile iliyosukwa waya kwa nje, wakaifunga kwenye oveni. Ukiitazama juu juu ni rahisi kuichanganya na ya gesi. Tofauti iko ndani: mpira wa ile ya sinki umetengenezwa kwa ajili ya maji, hauhimili gesi. Na ile tepu nyeupe nyepesi ya mabomba ya maji iacheni kwenye maji, jamani; gesi ina ya kwake, nzito zaidi.

Mpira halali wa gesi unajieleza wenyewe. Umepigwa chapa mwilini kwamba ni wa gesi, kiwango chake, shinikizo unalohimili na mwaka uliotengenezwa. Usio na herufi hata moja uacheni dukani, hata kama una rangi ya chungwa inayovutia. Uwe mfupi, mita moja na nusu inatosha jikoni, usipite nyuma ya oveni yenye joto wala kwenye tundu la ukutani usikoweza kuuona. Usiungwe vipande viwili. Ukikunja ukaona nyufa ndogo, au umeanza kunata, badilisha hata kama mwaka wake ni wa karibuni. Bei yake haifiki hata nusu ya kujaza mtungi wa kilo 15, kwa hiyo ubahili hapa siuelewi. Na kama nyumba ina panya (nyumba gani Dar haina?), nunueni wenye ganda la chuma, ila wa gesi, siyo ule wa sinki.

Ncha zifungwe kwa klipu ya skrubu, kila upande moja. Waya wa kufungia nondo unakata mpira. Kamba ya tairi inalegea. Mpira ukigoma kuingia, chovya ncha yake kwenye maji ya moto, usiipashe kwa kiberiti. Kisha changanya sabuni na maji, fungua mtungi huku jiko limezimwa, paka kwenye maungio yote na utazame mapovu. Dakika mbili tu. Wapo wanaopima kwa kupitisha kiberiti, na hao sina la kuwaambia.

Harufu ile ya kuoza haikuwa ya gesi tangu asili, imewekwa makusudi ili pua ikuamshe. Lakini gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Inatambaa sakafuni na kujaa ndani ya kabati la chini, mahali ambapo mafundi wetu wa kabati wanapenda kuuficha mtungi ili jiko lipendeze. Dirisha la juu peke yake haliitoi. Kabati hilo linahitaji tundu usawa wa sakafu, linalotokea nje. Gesi asilia, ile inayoletwa kwa mabomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar, ni kinyume: nyepesi, inapanda darini. Jiko la mtungi nalo haliungwi kwenye bomba hilo hivi hivi, lazima fundi abadilishe vitundu vya kutolea gesi. Ukisikia harufu, iwe ya ipi, funga gesi, fungua milango, usiguse swichi ya taa kuwasha wala kuzima, toka nje, halafu ndio upige 114 Zimamoto.

Ninachotaka kutoka kwa EWURA, wadhibiti wa huduma za nishati na maji, na TBS, shirika la viwango, ni kidogo. Mpira unaouzwa kwa mita bila chapa uondolewe madukani. Na wakala anayepeleka mtungi nyumbani alazimike kumpa kijana wake chupa ya maji ya sabuni, na kijana asipokee hela mpaka mteja ameona kwa macho yake kwamba hakuna povu.