Mechi 49 za Yanga, siku 49 za Truss

Mtu akiniuliza mwaka 2022 ulikuwaje, hapa Leicester, Uingereza, anatarajia nianze na msiba wa Malkia. Mimi naanza na Ihefu.

Jumanne, Novemba 29. Niko kazini, ghalani, simu inatetemeka mfukoni mpaka msimamizi ananikazia macho. Ihefu kaifunga Yanga 2-1 pale Highland Estate, Ubaruku. Zile mechi 49 za ligi bila kupoteza zimeishia kwenye mashamba ya mpunga ya Mbarali. Mjomba wangu wa Mwanjelwa, Yanga wa damu, kanitumia sauti ya dakika nne. Nikajifungia chooni kuisikiliza. Kwanza analaumu uwanja, kisha mwamuzi, kisha Wanambarali wote kwa kukosa adabu. Baada ya hapo ni kelele za kibanda umiza tu, honi za bodaboda, na mama muuza ndizi anamwambia: “Pole baba, ila lipa kwanza.”

Nilitoka nacheka. Mwenzangu wa zamu akauliza kulikoni. Nikaanza, “Kuna timu inaitwa Ihefu…” Macho yake yakawa yameshahama.

Usiku uleule Uingereza wakaichapa Wales 3-0 kule Qatar. Jirani yangu nilimsikia ukutani akipiga yowe mara tatu, bao kwa bao. Asubuhi tukakutana mlangoni, tukaongelea baridi. Baridi! Mimi mtoto wa Mbeya, Juni tunaamka na umande umeganda, baridi haijawahi kunisumbua. Kinachonichosha huku ni kumeza habari peke yangu.

Maana habari zipo tele. Mwaka ule walibadilisha mawaziri wakuu kama mtu anayejaribu viatu vya mtumba: Johnson, Truss, Sunak. Truss alikaa siku 49 (nilimwambia mjomba kwamba ni hesabu ya Yanga ileile, akakata simu). Gazeti la Daily Star liliweka saladi mbele ya kamera kuona kipi kitatangulia, saladi kuoza au mama kung'oka. Saladi ikashinda. Ingekuwa kwetu, kesho yake pale sokoni Uyole ungesikia, “Njoo uchukue Truss, fungu mia tano!” Huku niliwaona wakiicheka ndani ya basi, kila mtu na simu yake, kimya.

Niseme haki, mara moja waliniacha mdomo wazi. Malkia Elizabeth alipofariki, Septemba 8, watu walipanga foleni kando ya mto Thames, London, usiku na mchana, kwenda kuaga jeneza lake. Nilikwenda, zaidi kwa udadisi kuliko majonzi. Saa tisa nzima nimesimama, na watu wasiojuana wanagawana biskuti, wanaulizana habari za watoto. Bibi mmoja alinimiminia chai ya chupa yake, akataka kujua kwetu tunazikaje. Nikamsimulia matanga: wanaume nje wanaota moto, kinamama na masufuria, hakuna anayekuja mikono mitupu. Akasikiliza mpaka mwisho.

Nilipomsimulia mjomba, alinyamaza kidogo.

“Kwa hiyo huko,” akasema, “ili mtu asalimiane na jirani yake, mpaka afe Malkia?”