Mshirika wa Kompyuta Anapokugeuka

Wachezaji wa Medieval II: Total War, gemu ya kompyuta ya kuongoza dola za enzi za kati Ulaya, wana lalamiko moja ambalo halijazeeka tangu gemu hiyo itoke mwaka wa 2006: kompyuta haishikiki kwa neno lake. Hapa Nairobi gemu hiyo bado ina wafuasi, kwani inakubali hata laptopu ya mitumba ambayo gemu za sasa haiziwezi kabisa, na wafuasi hao wakikutana ubishi huwa ule ule. Kuna wanaosema mpinzani wa kompyuta ni msaliti wa kuzaliwa, hakuna diplomasia ya kufanya naye, dawa ni kumvamia kabla hajakuvamia. Wengine wanawajibu kwamba enzi za kati ndivyo zilivyokuwa, na anayetaka majirani waaminifu atafute mchezo mwingine. Kila upande una ukweli wake, ila naona wote wanalipita swali lenyewe kando.

Chukua kisa ambacho karibu kila aliyeicheza anakijua. Unaongoza Venice. Milan ni jirani na mshirika wako: mna muungano, mna haki za biashara, na binti wa nyumba yako ameolewa kwao. Zamu yako inaisha, kompyuta inacheza zake, kisha merikebu moja ya Milan inakuja na kuziba bandari yako. Moja tu. Haikubeba askari wa kushuka pwani, wala hakuna jeshi linaloifuata kwa nchi kavu. Hapo hapo muungano umekufa, vita vimeanza, na biashara ya bahari kutoka bandari hiyo imesimama. Zamu inayofuata unaileta timu ya merikebu zako na kuizamisha ile moja. Milan imepoteza mshirika, biashara na chombo, na haikuambulia kitu.

Ukimsikiliza vizuri anayelalamika, usaliti wenyewe haumkeri kama upumbavu wake. Angegeukwa na jirani aliyesubiri majeshi yako yaende vita vya msalaba, kisha akaunyakua mji wako tajiri, angekasirika, lakini angemheshimu pia. Merikebu ile haikutokana na hesabu yoyote unayoweza kuifuata. Ndiyo maana jirani huyo huyo, akishabakiwa na mji mmoja uliozingirwa, anaweza kukataa amani unayompa. Hatafuti maslahi yake, na asiyetafuta maslahi yake huwezi kujadiliana naye. Wapenzi wa gemu hiyo wamefanya kazi kubwa ya kuyaandika upya mafaili yanayoongoza uamuzi wa kompyuta, wakitaka jirani mwenye akili zaidi. Utiifu hawakuuomba.

Hata hivyo wanaoutetea usaliti wana hoja nzito, na kwetu haihitaji mfano kutoka Ulaya. Mwaka wa 1614 sultani wa Mombasa aliuawa baada ya kukosana na Wareno. Mwanawe, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa, makao ya Wareno huko India, akiwa mtoto, akabatizwa, akalelewa Kireno, na mwaka wa 1626 akakalishwa kwenye kiti cha babake kama mshirika wa Ureno. Kwenye daftari la mwanadiplomasia kila kitu kilikuwa sawa: dini moja, malezi yale yale, cheo alichopewa na wao wenyewe. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamuua kapteni na kuiteka ngome. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alikuwa ameonekana kaburini kwa babake akiomba dua Kiislamu, na kwamba kapteni alikusudia kumshtaki. Karne ya kumi na saba si enzi za kati, lakini gemu inayodai kuonyesha watawala na isiweze kumtoa Yusuf hata mmoja imepungukiwa na siasa.

Mkasa huo unanifundisha jambo ambalo merikebu ya Milan haiwezi kunifundisha. Ishara zilikuwepo. Palikuwa na kisasi cha damu, palikuwa na dharau ya miaka, na palikuwa na mtu aliyemwona kaburini. Waliogeukwa walishtuka, ila anayesoma leo haoni muujiza wowote. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia kwa kompyuta: je, baada ya kugeukwa naweza kurudi nyuma na kukuta sababu iliyokuwa mbele ya macho yangu?

Crusader Kings III ya mwaka wa 2020, gemu nyingine ya watawala wa enzi za kati, imekaribia zaidi. Kila mtawala ana tabia zake: huyu mwoga, yule mwenye tamaa, mwingine hasahau kosa, na tabia hizo ndizo zinazomwongoza. Mke au kabaila wako anaweza kupanga njama ya kukuua, na usipokuwa na mkuu wa majasusi aliye macho hutajua mpaka siku yenyewe. Ukiutazama upya wasifu wake, yote yamo: ni mlipiza kisasi, na kakake umemfunga gerezani. Hapo sina lalamiko.

Lakini gemu hiyo hiyo ina ugonjwa wa upande wa pili. Ukitaka kumwoza mwanao kwa binti wa mfalme jirani, dirisha linakupangia sababu zote za kukubali na kukataa, kila moja na namba yake, za kijani zikiongeza na nyekundu zikipunguza. Ikipungua kidogo, unatuma zawadi ya dhahabu, namba inapanda, posa inakubaliwa. Ukitaka kumwita vitani, unaonyeshwa mapema kama atakuja. Haya yanatenda haki, na mgeni wa gemu anayahitaji. Ila balozi gani amewahi kuusoma moyo wa mfalme kwa tarakimu? Ushirika umegeuka bidhaa yenye bei ukutani, na hofu ndogo ya mtu anayetia saini bila kujua kesho imekwisha.

Soren Johnson, aliyeongoza uundaji wa Civilization IV ya 2005, gemu ya kujenga na kuongoza dola, alilizungumzia jambo hili mbele ya watengenezaji wenzake mwaka wa 2008. Alitenganisha kompyuta inayocheza vizuri na kompyuta inayofurahisha kucheza nayo, akasema kwamba katika gemu za aina hii kazi ya kompyuta kwa kiasi fulani ni kushindwa. Namwelewa. Mpinzani anayecheza kwa ushindi tu hana sababu ya kukusaidia hadi mwisho, maana mshindi ni mmoja. Tungepata majirani wote wakali, na muungano ungekuwa kupoteza muda.

Lakini miaka kumi na minne baadaye wazo la kompyuta yenye diplomasia lilipata mtihani mpya. Novemba 2022 watafiti wa Meta, kampuni yenye Facebook, walimtangaza Cicero, programu inayocheza Diplomacy, mchezo wa ubaoni wa mwaka wa 1959 usio na dadu, ambao ushindi wake hutoka kwenye mazungumzo na ahadi. Katika michezo 40 mtandaoni dhidi ya watu, ilikuwa miongoni mwa asilimia 10 bora ya waliocheza zaidi ya mchezo mmoja. Waundaji wake walisema imefunzwa kuwa mkweli kwa kiasi kikubwa: ujumbe wake hutungwa kutokana na hatua inazokusudia kuchukua. Mwaka wa 2024 watafiti wengine walionyesha mifano ya udanganyifu wake, mmojawapo ni pale ilipocheza upande wa Ufaransa, ikapanga njama na mchezaji wa Ujerumani huku ikimtuliza wa Uingereza kwa ahadi ya ulinzi. Hata pale inaposema kweli wakati wa kuahidi, hakuna kinachoifunga kwa ahadi hiyo hesabu ikibadilika. Mtu wa namna hiyo mtaani tungemwita kigeugeu, na hatungejali kwamba jana alikuwa mkweli.

Kwangu mimi suala linarudi kwenye gharama. Medieval II yenyewe inayo mahali pamoja: ukimshambulia Mkatoliki mwenzako, Papa anakuamuru usimame, na ukikaidi unatengwa na Kanisa, kisha vita vya msalaba vinaweza kuitishwa dhidi yako. Kipengele hicho nakipenda kuliko mikataba yote ya gemu ile, kwa sababu kinampa msaliti jambo la kuhofia. Kingepanuliwa kila upande: aliyekuvunjia muungano akose wa kumwoza binti, wafanyabiashara wamkimbie, makabaila wake waanze kujiuliza zamu yao ni lini.

Nasi wachezaji tuna wajibu hapa. Wengi wetu tukigeukwa tunafungua sevu, yaani mchezo tuliouhifadhi, ya zamu iliyopita na kuhamishia jeshi mpakani kabla merikebu haijafika. Kompyuta haina sevu ya kurudia pale sisi tunapoivunjia mkataba, na tunaivunjia mara nyingi. Crusader Kings III ina mfumo wa Ironman usioruhusu kurudi nyuma. Ningependa ubishi wetu wa Nairobi uanzie kwa waliocheza kampeni nzima namna hiyo, wakameza kila usaliti walioupata na kulipia kila waliouanzisha.