Shemeji na Waya wa Mapambo

Shemeji yangu ni dereva wa bodaboda. Ufundi umeme aliupata siku aliyobadilisha balbu ya pikipiki, ikawaka. Alipokuja Tanga kumsalimia mama yake, aliyekuwa amefikia kwetu, akakuta nimenunua shawa ya maji moto namsubiri fundi.

"Fundi wa nini, shem, na mimi nipo?"

Mama mkwe ananitazama. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Akaanza na swichi ya sebuleni, ilikuwa imelegea. Kafungua, kachomoa, karudisha, taa ikawaka, tukapiga makofi. Usiku tukazima. Taa ikagoma kufa: ile balbu ya LED ikabaki inang'aa kwa mbali gizani kama jicho la paka. Mama mkwe akasoma Ayatul Kursiy mpaka alfajiri, kulipokucha akataka aitwe shehe. Shemeji akamtuliza: "Taa za siku hizi zinajichaji, mama."

Shawa nayo akaifunga. Ukabaki waya mmoja, wa kijani na njano.

"Na huu?"

"Wa mapambo." Akaukata kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Kwa heshima ya ufundi tukampa aoge wa kwanza. Tukamsikia anaimba taarab. Ubeti wa pili haukuisha. Alitoka mbio, povu limemjaa kichwani, kajifunga khanga ya mke wangu iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", anapiga kelele kwamba bomba limemng'ata.

Fundi wa kweli akaja, akagusisha testa kwenye bomba, ikawaka. Alicheka, halafu akaacha ghafla. Kumbe ule wa mapambo ndio ethi. Shawa ikivujisha umeme, waya huo ndio unaoupeleka ardhini. Ukiukata, njia inayobaki ni muogaji. Na ile swichi shemeji aliifunga kwenye nyutro, waya unaorudisha umeme, badala ya laivu, ule unaouleta, kwa hiyo unazima taa huku volti 230 zimekaa kwenye holda zinamngoja mbadilisha balbu. Jini wa mama mkwe ndiye huyo.

Nikamlipa fundi, akaondoka. Mama mkwe akanivuta pembeni: "Baba, na mwenzio je? Si naye kafanya kazi?"

Sijajibu, sauti ikatoka chumbani: "Elfu kumi tu, shem. Na posho ya mazingira hatarishi."