Hata choo cha watawa kina kibao

Kilichonichokoza ni choo. Si changu, ni cha watawa wa Castle Acre, kijiji cha Norfolk, mashariki mwa Uingereza. Ni jengo la ghorofa: watawa walikuwa wakikaa juu kwa safu, maji ya mfereji yakipita chini na kuondoka na mzigo. Pembeni kuna kibao kinachoeleza yote hayo bila haya.

Nyumba hiyo ya watawa wa Kluni, shirika la Kikatoliki lililoanzia Ufaransa, ilianzishwa na ukoo wa mabwana wa Warenne karibu na mwaka 1089. Uso wa kanisa ungali umesimama, matao tabaka juu ya tabaka, mengine yamepishana kama ukili, na nyuma ya matao hayo hakuna dirisha wala mlango. Urembo mtupu! Nyumba ya mkuu wao ina paa mpaka leo, kwa sababu watu waliendelea kuishi humo.

Nawasikia: "Ameanza huyo. Kaonja Ulaya, kwao kunanuka." Ngojeni basi. Mwaka 1537, enzi za mfalme Henry wa 8, watawa walifungiwa nyumba, na baadaye mawe ya kuchonga yakang'olewa. Kuta nyingi zimebaki mawe ya gumegume ya ndani tu, yamekaa ovyo ovyo. Kwa hiyo msiniambie Wazungu wamezaliwa wakitunza magofu.

Tena mimi mtu wa Kilwa, matao hayanibabaishi. Msikiti Mkuu wa Kisiwani una matao na kuba. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina birika la pembe nane. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alifika 1331 akausifu mji wetu, na Norfolk sijasikia kama aliwahi hata kuiota.

Sasa linaloniudhi. Shuleni nimekaririshwa dhahabu ya Sofala, masultani, Wareno 1505. Kwamba nyumba za Songo Mnara, kisiwa jirani yetu, zilikuwa na vyoo vya mawe, ndani kwa ndani, nimekuja kulisoma huku kwenye baridi! Na sisi tuweke vibao! Najua, mtasema pesa hakuna, zahanati kwanza. Sawa, zahanati kwanza. Lakini kibao ni ubao na rangi, jamani, na maneno mawili matatu ya fundi aliyejenga, ya mama aliyepika, si ya sultani peke yake kila siku.

Na asitokee mtu kuniambia choo ni aibu kuwaonyesha wageni. Wageni wenyewe ndio hawa, wanalipa kiingilio kwenda kutazama cha kwao.