Kunguru hafugiki, ila anakujua

Mama yangu alinikuta roshanini kwetu Upanga, Dar es Salaam, namrushia kunguru vichwa vya dagaa. Akatikisa kichwa. "Mwanangu, kunguru hafugiki." Nikamwambia sifugi, huyu ni mgeni tu. Mgeni mwenyewe alikuwa anafika kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, chai haijachemka.

Tulimwita Karani, kwa ile shingo ya kijivu iliyomkaa kama kola ya shati la ofisini, na kwa kuchunga muda. Mguu wa kushoto alipungukiwa kidole kimoja, kwa hiyo sikumchanganya na wenzake. Ukimpa mkate mkavu hahangaiki nao. Anaubeba mpaka kwenye ndoo ya maji, anauchovya, anasubiri, anaugeuza upande wa pili, ndipo anakula. Nina wajomba wasio na adabu hiyo mezani.

Na alinijua. Jioni nikikata kona ya mtaa wetu alinifuata juu ya nyaya mpaka getini. Mlinzi wetu, aliyewahi kumrushia jiwe, akitokeza tu alipigiwa kelele mtaa mzima ukasikia. Mwaka 2006 kule Seattle, mtafiti John Marzluff na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa pangoni, wakawanasa kunguru saba chuoni kwao, wakawavisha pete na kuwaachia. Miaka ilipita, na bado yeyote aliyekatiza pale na kinyago kile alizomewa, hata na kunguru ambao hawakuwahi kunaswa. Kwa hiyo mlinzi ajipange.

Lakini kunguru wa Seattle yuko kwao. Huyu wetu aliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, ale taka za mji. Kazi aliipiga kweli, tatizo mkataba haukuandikwa tarehe ya mwisho. Akavuka bahari, akajaza Mombasa, akajaza Dar. Mama anasema kunguru wa utotoni mwake alikuwa na kifua cheupe. Yule ndiye mwenyeji, na mimi nikitaka kumwona vizuri nangoja safari ya Dodoma.

Haya yote nilikuwa nayajua, na dagaa niliendelea kurusha. Kilichonikata mkono ni masika ya mwaka jana. Minana walisuka viota kwenye mnazi wa jirani, vinaning'inia kama vikapu, kelele tangu alfajiri. Asubuhi moja Karani alijibandika kwenye kimojawapo, akakitoboa ubavuni, akatoa kinda. Jekundu, halina hata unyoya, macho hayajafumbuka. Akaja nalo roshanini. Akalichovya kwenye ndoo yangu.

Tangu siku ile simpi kitu. Sitaki kujifanya mtakatifu, lakini kumlisha kunguru huyu katika mji huu ni kumlipia nauli akamalize ndege wengine.

Ila wanaodhani dawa ni sumu peke yake nao wananichosha. Sumu imeshatumika Zanzibar, imeshatumika Dar. Januari 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya likatangaza kuwaangamiza kunguru milioni moja. Sipingi. Lakini nenda soko la samaki Feri saa nne asubuhi, au pita machinjioni Vingunguti, utaona karamu ninayoizungumzia. Huna haja ya kwenda mbali: nyuma ya ghorofa letu viroba vya taka vinalala siku tatu, vimetoboka, utumbo wa kuku nje, na gari la taka linakuja likijisikia. Ukiua elfu leo huku sahani iko mezani, waliobaki watakula kwa nafasi na kuzaa zaidi. Wapangaji wenzangu walioninunia kwa sababu ya vichwa vya dagaa ndio hao hao wanaotupa kiroba bila kukifunga. Sisi sote tunamlisha; mimi nilikuwa nampa jina tu.

Karani bado anakuja, muda ule ule. Anatua kwenye kingo, ananitazama kwa jicho moja, anageuza kichwa, ananitazama kwa la pili. Mimi nakunywa chai, namsalimia, basi. Ndoo nimeifunika. Jana nilitoka nikamkuta ameshaingiza mdomo chini ya mfuniko, anaunyanyua taratibu.