Milioni Tatu Ndani ya Kiroba

Shemeji yangu mmoja, Mungu amsamehe, ndiye aliyeitupia video kwenye grupu la familia. Kijana amevaa gambuti ambazo hazijawahi kukanyaga tope, nyuma yake viroba vimepangwa kama wanafunzi mstarini. "Huhitaji shamba! Lima mboga kwenye viroba 50 tu, milioni tatu kila mwezi!" Chini yake namba ya kulipia mafunzo, Sh 50,000, ofa inaisha leo usiku. Miezi minne imepita, na ofa bado inaisha leo usiku.

(Nasema viroba vya sembe na mchele, jamani, siyo vile vya kunywa vilivyopigwa marufuku Machi 2017. Ingawa kwa hesabu za yule kijana, mtu unajiuliza.)

Shangazi yangu wa Mbagala akalipa.

Nilipokwenda kumsalimia, shikamoo yangu haijaitikiwa nimeshashikwa mkono kupelekwa uani. Viroba 24. Vyote nyanya, na zote zimejikunja kama zimepigwa pasi. Mafunzo yenyewe yalikuwa faili la kurasa tisa lenye picha za nyanya za Ulaya, na maelekezo kwamba ujaze kiroba "udongo wenye rutuba". Kama vile rutuba inauzwa dukani kwa Mangi kwa kipimo. Mbagala ni mchanga mtupu, kila aliyewahi kuchimba choo kule anajua. Unamwaga maji juu, unayaona yanatokea chini kukusalimia. Samadi haikutajwa. Na nani anamwanzisha mtu na nyanya, na hii kantangaze, mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, inayowaliza hata wakulima wenye dawa na bomba la kupulizia?

Kokoto nazo hazikutajwa. Anayejua kiroba anajua: unasimamisha kopo lisilo na kitako katikati, unalijaza kokoto, pembeni unashindilia udongo uliochanganywa na samadi, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, hivyo hivyo hadi mdomoni. Ule mnara wa kokoto ndio bomba la kiroba. Bila huo, mche wa juu unaoga na wa ubavuni unakufa kiu. Shangazi alitoboa matundu ubavuni vizuri kabisa, akamwagilia asubuhi na jioni, na huko chini udongo ulikuwa mkavu kama unga.

Lakini kilichonichemsha hasa ni hiyo milioni tatu. Nilirudi nyumbani Tabata nikachukua kalamu. Fungu la mchicha mtaani kwangu ni Sh 500. Ili upate milioni tatu uuze mafungu 6,000 kwa mwezi, yaani 200 kila siku, Jumapili na Idi zikiwemo. Gawanya kwa viroba 50: kila kiroba kitoe mafungu manne kila siku ya Mungu. Vyangu ni vinane, navitunza kama watoto, na kiroba kikijitahidi kweli kweli kinanipa fungu moja kwa wiki. Mchicha wenyewe unataka wiki tatu hadi nne tangu mbegu ndipo uukate. Huyo kijana anapanda nini, uyoga wa kichawi?

Halafu maji. Jua la Januari kiroba changu kinakunywa lita tano kwa siku. Hamsini ni lita 250, zaidi ya madumu 12. Kwetu dumu ni Sh 100 bomba likiwa na huruma. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipopungua na mgao ukatukamata Dar nzima, dumu lilikuwa linatafutwa kama dhahabu. Viroba vyangu viliishi kwa maji ya kuoshea mchele. Vinane viliweza. Hamsini ungevipikia pilau kila siku?

Sasa msinielewe vibaya, mimi ni mtu wa viroba tangu zamani. Mboga nyingi tunazokula mjini hatujui zimenyweshwa nini. Sote tumepita Bonde la Msimbazi hapa Dar, tumeona matuta yanavyopendeza, na tumeona rangi ya maji yanayochotwa kuyamwagilia. Nikichuma matembele yangu saa moja jioni, ugali uko jikoni, najua yamekunywa nini tangu yapandwe. Kwa mwenye mtoto mdogo ndani, hilo tu linatosha. Kibera pale Nairobi, baada ya vurugu za 2008, magunia ya sukuma wiki yalienea milangoni kwa sababu watu walitaka mboga ya kula, ziada akauziwa jirani. Hesabu ya jikoni.

Na nitampa kijana haki yake, kwa shingo upande: alisema sukuma wiki usiing'oe, chuma majani ya chini iendelee kupanda. Hapo alisema kweli. Bibi yangu alikuwa akilisema bure.

Kuhusu kuku wa majirani sitaandika, nitamtukana mtu.

Jumapili moja tulivimwaga vyote 24 na shangazi, tukachanganya na samadi ya kwa jirani mwenye ng'ombe, tukajaza saba tu, pembeni ya ukuta ambako jua la mchana halichomi. Tulipanga kwanza ndipo tukajaza, maana kiroba kikishashiba hakihamishiki. Vipande vya matembele tulipewa bure, mtu akikata uani kwake anatupa. Mwezi haujaisha akanipigia: "Mwanangu, leo nimekula mboga yangu." Sauti ile sikuisikia tangu alipostaafu.

Juzi shemeji katuma video nyingine. Kufuga kambale kwenye pipa. Kabla sijaandika chochote, shangazi kashajibu: "Pipa la lita ngapi?"